Takhmisa ya Amplifaya

Kuna imani inayozidi kuota mizizi miongoni mwa wapiga gitaa, wakusanyaji wa vitu vya kale na wafanyabiashara wanaowauzia, kwamba amplifaya ya vali iliyotengenezwa katika miaka ya 1960 au 1970 haipaswi kuguswa. Kwa waumini hao, thamani yake ni kubaki kama ilivyotoka kiwandani: kila kipande kiwe kilekile, na kila tone la lehemu lisiwe limeyeyushwa tena na mkono wa mtu wa baadaye. Anayeifungua na kubadilisha saketi yake ili apate mlio anaoutaka huitwa mharibifu. Makala haya yanaipinga imani hiyo. Nadai kwamba mlio unaoabudiwa ulizaliwa na watu waliokataa kuziacha mashine kama walivyozikuta, na kwamba ushahidi wa jambo hilo umejaa tele Birmingham, Uingereza, mji ambao leo unajivunia kumbukumbu ya watu hao.

Msomaji wa jarida la fasihi ana haki ya kuuliza amplifaya ya gitaa inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu swali lililomo ndani ya sanduku hilo la mbao ndilo lililo mbele yetu kila tunapofungua mswada wa utenzi, kila tunapomsikia mtu akilalamika kwamba taarabu imeharibiwa, na kila mhariri anaposhika kalamu mbele ya maneno ya marehemu. Nani ana ruhusa ya kugusa kilichorithiwa, na kwa masharti gani? Washairi wa pwani yetu walikwisha kulijibu swali hilo, na jibu lao ni zuri kuliko la wakusanyaji. Nitalifikia. Kwanza tuitazame mashine yenyewe, maana wengi wanaoisifu asili yake hawajapata kuifungua.

Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachopashwa moto hadi kitoe elektroni, bamba linalozivuta elektroni hizo, na kati yao wavu mwembamba wa waya. Umeme hafifu unaotoka kwenye gitaa huingia katika wavu, nao huutawala mkondo mkubwa unaopita kama lango dogo linavyotawala maji ya mfereji. Vali ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa. Kwa mhandisi wa simu hilo ni kosa la kurekebishwa. Kwa mpiga gitaa hapo ndipo muziki unapoanza, kwa kuwa katika kukatwa huko huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwamo katika waya wa gitaa. Mlio hunenepa, hurefuka, na hatimaye hukwaruza.

Nimesema mlio, wala sikusema sauti, kwa makusudi. Ndege hulia, ngoma hulia, bunduki hulia, na binadamu hulia anapoumia. Mlio ni kitu kitokacho kwenye mwili uliobanwa au kupigwa. Gitaa la umeme mara nyingi ni ubao mzito usio na tumbo la kuvumisha nyuzi. Amplifaya ndiyo tumbo lake. Anayebadilisha amplifaya anabadilisha chombo chenyewe cha muziki, kama mpiga ngoma anavyoipasha ngozi moto kabla ya kuipiga. Sijamsikia mtu akimwambia mpiga ngoma kwamba ameiharibu asili ya ngoma kwa kuiweka karibu na moto.

Sasa tuitafute hiyo asili. Mwaka 1962, dukani kwa Jim Marshall huko Hanwell, magharibi mwa London, mafundi Ken Bran na Dudley Craven walishirikiana na Marshall kutengeneza amplifaya iliyokuja kuitwa JTM45. Saketi yake waliitoa katika amplifaya ya Kimarekani, Fender Bassman, ambayo ilikusudiwa gitaa la besi. Hata hivyo hawakuinakili nukta kwa nukta. Transfoma zilizopatikana Uingereza hazikuwa zile za California, wakatumia walizozipata. Mwanzoni mwa saketi waliweka vali yenye nguvu zaidi ya kukuza, na spika 4 za inchi 12 wakazitia ndani ya sanduku lililozibwa nyuma. Mlio ukatoka tofauti na wa mama yake. Leo JTM45 za mwanzo ni miongoni mwa amplifaya zinazolindwa kwa wivu mkubwa zisiguswe. Waumini wanailinda asili ya kitu ambacho chenyewe ni marekebisho.

Hali ni hiyohiyo kwa Vox AC30, mashine nyingine ya Kiingereza inayopendwa mno. Wapiga gitaa walitaka mlio wake ung'ae zaidi upande wa juu, na kampuni ikatengeneza saketi ya ziada iliyofungwa kwenye bamba la nyuma. Nyongeza hiyo, iliyoitwa Top Boost, baadaye iliingizwa katika utengenezaji wa kawaida, na leo mtu akitaja mlio halisi wa AC30 aghalabu anautaja mlio wa nyongeza. Na huko California, mwishoni mwa miaka ya 1960, Randall Smith alianza kuzichukua amplifaya ndogo za Fender Princeton na kuzijaza nguvu na spika ambazo hazikuwa zao. Kutokana na kazi hiyo ya kuharibu, kama waumini wetu wangeiita, ilizaliwa kampuni nzima ya Mesa/Boogie.

Tuje Birmingham. Mji huu una lakabu ya mji wa kazi elfu, kwa sababu karakana zake zilitengeneza kila kitu, kuanzia vifungo vya nguo hadi bunduki. Mtu anayehusishwa zaidi na ukuu wake wa viwanda, James Watt, hakubuni injini ya mvuke. Katika majira ya baridi ya 1763 hadi 1764, akiwa fundi wa vifaa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa kielelezo cha injini ya Newcomen akitengeneze. Aliona kwamba mvuke mwingi unapotea bure kwa kuwa silinda hupashwa moto na kupozwa katika kila mzunguko. Mwaka 1765 akapata wazo la kuongeza chombo cha pembeni cha kuupozea mvuke, ili silinda ibaki na joto lake. Mwaka 1775 akaingia ubia na Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho nje kidogo ya Birmingham, na injini zao zikaenea. Lau Watt angeambiwa kwamba kielelezo kile ni cha asili na asikiguse, angekirudisha kabatini, na historia ya viwanda ingekuwa nyingine.

Injini waliyoijenga mwaka 1779 kwa ajili ya kupandisha maji ya mfereji huko Smethwick imehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi ya Thinktank mjini Birmingham. Hutajwa kuwa injini ya mvuke kongwe kuliko zote duniani ambayo bado yaweza kufanya kazi. Zingatia sifa hiyo: fahari ya makumbusho yale ni kwamba kitu kile bado kinaweza kufanya kazi.

Miaka 200 hivi baada ya Watt kupata wazo lake, kijana mmoja wa Birmingham, Tony Iommi, aliyezaliwa mwaka 1948, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Akiwa na umri wa miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole 2 vya mkono wa kulia. Kwa kuwa yeye ni wa shoto, mkono wa kulia ndio uliobonyeza nyuzi za gitaa. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akaiyeyusha, akajitengenezea vifuniko vya vidole na kuvivika ngozi. Nyuzi zilizouzwa madukani zilikuwa nzito mno kwa vidole hivyo, akatafuta nyepesi za banjo. Baadaye akazilegeza chini ya kipimo cha kawaida ili zimtii, na kulegea huko kukaupa muziki wake uzito ambao masikio yalikuwa hayajauzoea.

Amplifaya yake ilitoka kwa kijana wa hukohuko, Lyndon Laney, aliyepata kupiga besi katika Band of Joy pamoja na Robert Plant na John Bonham. Laney alianza kutengeneza amplifaya mwaka 1967 katika gereji ya baba yake. Kati ya gitaa na amplifaya Iommi aliweka kisanduku kidogo kiitwacho Dallas Rangemaster, ambacho kazi yake ilikuwa kuzipandisha sauti za juu na kuisukuma vali hadi ilie. Hata kisanduku hicho, kama mwenyewe alivyosimulia, kilifunguliwa na fundi na kubadilishwa. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa kwa siku moja mwezi Oktoba 1969, ikatolewa tarehe 13 Februari 1970. Hesabu basi: vidole vilibadilishwa, nyuzi zikabadilishwa, kisanduku kikabadilishwa, na amplifaya ilitoka katika gereji ya fundi kijana. Mkusanyaji anayetafuta leo amplifaya ya Laney ya miaka ile isiyoguswa, ili apate mlio wa Iommi, anatafuta kwa kuzuia kugusa kitu kilichopatikana kwa kugusa.

Katika mtaa wa Handsworth, kaskazini-magharibi mwa mji uleule, kulikuwa na mafundi wengine ambao vitabu vya gitaa huwasahau. Wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi waliofika baada ya Vita Kuu ya Pili walikuta milango ya vilabu vingi imefungwa kwa sababu ya rangi yao. Wakajenga mitambo yao ya muziki kwa ajili ya sherehe za majumbani na kumbi za kukodi. Amplifaya za dukani hazikutengenezwa kwa ajili ya besi ya reggae, basi mafundi wao walizijenga upya au kuziunda tangu mwanzo, zikiwa na vali kubwa na transfoma nzito, hadi besi ikasikika kifuani kabla ya kufika masikioni. Katika mtaa huo ikazaliwa bendi ya Steel Pulse, ambayo albamu yake ya mwaka 1978 inaitwa Handsworth Revolution. Watu hao walikuwa na muziki wasioweza kuupiga kwa vifaa walivyouziwa. Hiyo ndiyo sababu ya kale na ya kweli ya kufungua mashine.

Muumini atasema kwamba yote hayo ni historia, na kwamba leo kazi yetu ni kuhifadhi. Ya kale ni dhahabu. Nami namuuliza: ahifadhi nini hasa? Ndani ya kila amplifaya ya vali mna kapasita za kusawazisha umeme, na ndani ya kapasita hizo mna maji ya kikemikali yanayokauka kadiri miaka inavyopita. Zikikauka, amplifaya huvuma, huishiwa nguvu, na zaweza kupasuka au kuunguza transfoma. Rezista za kaboni za zamani nazo hupanda kipimo polepole zinapozeeka. Spika hulegea karatasi yake. Vali huchakaa na kubadilishwa. Zinazouzwa sasa hutoka zaidi Urusi, Slovakia na China, kwa kuwa viwanda vya Uingereza vilivyozitengeneza vilikwisha kufungwa. Mashine ambayo haijaguswa na mtu imekwisha kuguswa na wakati, na wakati ni fundi asiyeuliza mwenye mali anataka nini. La kuvunda halina ubani.

Wala kiwandani hakukuwa na asili moja. Rezista za miaka ile ziliuzwa kwa ruhusa ya kupotoka kwa asilimia 10, nyingine hata 20. Iliyoandikwa ohmi 100,000, kwa ruhusa ya asilimia 10, iliweza kuwa 90,000 au 110,000 na bado ikahesabika nzima. Vipande vingi vya namna hiyo vikikutana ndani ya saketi moja, amplifaya mbili zilizotoka meza moja siku moja hazikulia sawasawa. Kuna masanduku ambamo vipande viliwekwa vya aina fulani kwa sababu tu ndivyo vilivyokuwapo ghalani juma lile. Ukimsujudia mpangilio huo, unamsujudia mtunza ghala.

Kwa nini basi imani hii inastawi? Sababu moja ni masikio yaliyozoea, na hiyo naiheshimu. Sababu kubwa zaidi ni biashara. Amplifaya isiyoguswa huuzwa kwa bei ya juu kuliko iliyoguswa, hata kama ya pili inalia vizuri na ya kwanza inavuma kama mzinga wa nyuki. Tofauti hiyo ya bei haipimi mlio, hupima uhaba. Mnunuzi wa aina hiyo hahitaji kuiwasha. Taratibu mpiga gitaa wa baa na wa kanisani anaondolewa katika soko la chombo kilichotengenezwa kwa ajili yake, na nafasi yake inachukuliwa na mtu mwenye kabati la vioo. Kisha lugha ya mfanyabiashara inaingia kinywani mwa mwanamuziki, naye anaanza kuogopa kugeuza skrubu ya mashine yake mwenyewe asije akaipunguzia thamani.

Naijua hoja nzito ya upande wa pili, na sitaikwepa. Amplifaya hizi haziongezeki. Kila iliyochomwa na fundi mbumbumbu ni ushahidi uliopotea wa jinsi watu wa wakati ule walivyofikiri na kufanya kazi. Katika miaka ya 1970 na 1980 nyingi zilitobolewa matundu mapya ili kutiwa vizungushio vya ziada, transfoma zake zikatupwa, waya zikachanganywa hata leo hakuna awezaye kujua zilivyokuwa. Hasira ya wakusanyaji dhidi ya uchinjaji huo ni ya haki. Kosa lao ni kudhani kwamba dawa ya mkono mbaya ni kukosekana kwa mkono. Kati ya kuchinja na kusujudu kuna njia ya tatu, na njia hiyo ina jina katika Kiswahili.

Jina lake ni takhmisa. Neno hilo lina asili ya Kiarabu na linatokana na tano. Mshairi huchukua shairi la mwenzake lililopangwa kwa mistari miwili miwili, akaitangulizia kila jozi mistari mitatu aliyoitunga mwenyewe, ukapatikana ubeti wa mistari mitano. Mfano unaojulikana sana kwetu ni Takhmisa ya Liyongo, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyatia mistari yake maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Hakuna aliyemwita Sayyid Abdalla mharibifu. Wala hakufanya alivyopenda, kwa sababu mistari mitatu mipya hulazimika kukitii kina kilichomo katika shairi la awali. Anayekuja baadaye anabanwa na aliyemtangulia, na ndani ya kubanwa huko anasema lake.

Tazama zaidi kinachotokea kwa shairi la kale. Halifutwi. Limo, mwishoni mwa kila ubeti, na msomaji anayetaka kumsikia Liyongo peke yake anaweza kuitenga mistari yake na kuisoma. Wasomaji wengi wamelijua shairi hilo kwa njia ya takhmisa hiyohiyo. Nyongeza ikawa ndiyo hifadhi. Kabati la vioo halikuhitajika. Lilihitajika pumzi la mtu mwingine aliyeona kwamba maneno yale yanamhusu kiasi cha kuyajibu.

Nadai kwamba hiyo ndiyo sheria inayofaa kwa fundi wa amplifaya, na nitaieleza kwa mambo ya mezani ili isibaki sitiari. Amplifaya nyingi za miaka ile zina njia mbili na matundu manne ya kuchomekea gitaa, na wapigaji wengi hutumia tundu moja tu. Mtu anayeishi katika nyumba za kupangana za Birmingham na amplifaya ya wati 100 hawezi kuisukuma vali hadi ikwaruze bila kuwaamsha majirani wa mtaa mzima. Anahitaji kizungushio cha pili, kitakachoacha hatua za mwanzo zikwaruze huku kikizuia kishindo kinachofika kwenye spika. Mchinjaji huchukua drili na kutoboa bamba la mbele. Mwana takhmisa huchomoa plagi moja isiyotumika, akakiweka kizungushio katika tundu lilelile, na plagi akaitia katika bahasha ndani ya sanduku. Akitaka kupunguza besi ili gitaa lisizame katika kelele za bendi, anabadilisha kapasita moja ndogo, ya zamani anaihifadhi, na mchoro wa alichokifanya anaubandika chini ya kifuniko pamoja na tarehe. Atakayekuja baada ya miaka 30 ataweza kuisoma mistari ya kale na mipya, akachagua.

Kuna mabadiliko ambayo hayangoji mjadala. Amplifaya za kale zilizokuja na waya wa nyuzi mbili, bila waya wa ardhi, ziwekewe waya wa nyuzi tatu. Ndani ya mashine hizi hupita volti 400 na zaidi, na kapasita zake huweza kushika umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Anayesisitiza kwamba waya wa hatari ubaki kwa sababu ni wa asili amethamini karatasi ya mnada kuliko roho ya mpigaji. Na kuna mashine chache ambazo historia yake imeandikwa, zilizotumika katika rekodi zinazojulikana au zilizokuwa za majaribio ya kiwanda. Hizo ziende makumbusho na ziachwe kama nakala za msingi. Maktaba huweka mswada mmoja chini ya kufuli ili nakala nyingine ziweze kupita mikononi mwa watu. Haifungi vitabu vyote.

Neno jingine la kuchunga ni bora. Wanaouza marekebisho huahidi mlio bora, kana kwamba ubora ni kipande kinachonunuliwa na kulehemiwa. Bora kwa nani, katika ukumbi gani, kwa muziki upi? Mkwaruzo uliofaa kwa Iommi ungemchafulia kazi mpiga gitaa la dansi anayetaka nyuzi zake zidondoke moja moja kama matone safi. Marekebisho yasiyoanza na haja ya mpigaji ni ushirikina uleule wa wakusanyaji uliogeuzwa upande. Sayyid Abdalla hakumrekebisha Liyongo ili awe bora. Alikuwa na la kumjibu.

Hapo lawama inatufikia sisi wenyewe. Mingiedi Mawangu, mpiga likembe wa Kinshasa na mwanzilishi wa Konono No. 1, alijitengenezea maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu ili likembe isikike juu ya makelele ya jiji, na mkwaruzo uliotokea akaufanya kuwa sehemu ya muziki. Albamu ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, sifa nyingi za Ulaya na Marekani zilikaa kwenye vyuma chakavu na umaskini. Chupa ya sabuni ya Iommi ni uvumbuzi. Sumaku ya gari ya Mawangu ni uhaba. Na sisi tunaofundisha vyuoni tumeimeza tofauti hiyo bila kutafuna. Fundi redio wa Kariakoo au wa River Road, aliyeishi miaka mingi akizifanya mashine za wageni zikubali umeme wetu, vumbi letu na muziki wetu, hatumpi nafasi katika historia ya sanaa. Tunamwita mtu wa kubahatisha. Tungekuwa waaminifu tungemwita mtunzi wa takhmisa.

Ugonjwa huohuo umeingia katika fasihi yetu. Wako wanaolinda utenzi kama mkusanyaji anavyoilinda amplifaya, wakimkemea kijana anayethubutu kuujibu kwa lahaja yake au kuuimba kwa ala zake, ilhali wenyewe hawaukariri na watoto wao hawaujui. Wako pia wachinjaji, wanaochapisha matini ya kale wakiwa wameyasawazisha maneno yake kimyakimya, bila alama ya kuonyesha walichokitoa. Wote wawili wanafika mahali pamoja: matini isiyosomeka tena.

Kinachopotea haraka zaidi Birmingham si amplifaya. Kampuni ya magari ya MG Rover ilipoanguka mwaka 2005, wafanyakazi wapatao 6,000 walipoteza kazi, wengi wao katika kiwanda cha Longbridge. Mwaka 2023 halmashauri ya jiji ilitangaza kwamba haiwezi kumudu matumizi yake, na ruzuku za utamaduni zikafyekwa. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath walipiga onyesho lao la mwisho katika uwanja wa Villa Park, mtaa wa Aston walikokulia, na dunia ikaja kusikiliza. Sherehe ilikuwa ya haki. Lakini mji unaosherehekea kilichotengenezwa na mikono, huku ukiacha mikono ifungwe, unakula mbegu zake. Mlio ule ulitoka kwa watu waliojua chuma, plastiki na umeme kwa sababu ndiyo kazi iliyowalisha. Amplifaya 1,000 zisizoguswa haziwezi kumfundisha kijana mmoja wa Handsworth au wa Kinondoni kusoma saketi. Moja iliyofunguliwa mezani, mbele ya mtu anayejua, inaweza.

Basi mwenye amplifaya ya kale na aipeleke kwa fundi, akae naye, ajifunze. Fundi na amalize kwanza umeme uliobaki ndani yake, aisome kazi ya waliomtangulia, afanye linalohitajika kwa muziki wa leo, na kila alichokitoa akihifadhi. Kisha aandike jina lake na tarehe ndani ya kifuniko, na aache nafasi ya jina litakalofuata.